Simu ya Sukari

"Kidawa, kula kwanza. Maneno baadaye. Tende ziko wapi?"

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Kidawa ukiwa na jina la mchumba wake, Isihaka. Shida ni kwamba Isihaka mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, kwenye mkeka wa shangazi Saida pale Mlandizi, anafyonza mfupa wa mbuzi huku mikono yote miwili imelowa mafuta.

Kidawa akautazama ujumbe, kisha akamtazama mchumba. Jasho la baridi lilimtiririka mgongoni na vidole vilikuwa vinamtetemeka. Kile kidude alichobandikwa nyuma ya mkono kilikuwa kimeshapeleka habari kwenye simu yake, na simu ikalia: 3.4. Sukari imeshuka. Akachukua tende kwenye sahani, akatafuna haraka haraka bila kumwondolea Isihaka macho.

"Isihaka."

"Naam, mama."

"Umeniandikia sasa hivi?"

"Nimekuandikia nini?"

"Hiki hapa." Akamgeuzia simu.

Isihaka akasoma, akacheka. Punje ya wali ikamruka mdomoni, ikatua kwenye mkeka karibu na goti la Kidawa. Kidawa akaiona, na kwa mara ya kwanza tangu ampende mwanaume huyu akasikia kichefuchefu.

"Ahaa! Si mtandao huo," alisema Isihaka. "Niliandika asubuhi, umechelewa kufika."

"Asubuhi ulijua sukari yangu itashuka saa hizi?"

"Kidawa, sasa unanihoji kama polisi? Na ndoa Ijumaa?"

"Simu yenyewe iko wapi?"

"Simu gani?"

"Simu ya sukari."

"Iko ofisini, bandari kavu Kwala, inachajiwa." Akarudi kwenye mfupa wake, akaufyonza kwa mlio.

Shangazi Saida akachungulia kutoka uani na mwiko mkononi. "Kuna nini wanangu?"

"Hakuna kitu, shangazi. Mtandao tu," alijibu Isihaka.

Kidawa alikuwa mgonjwa wa kisukari tangu yupo sekondari. Sindano alishazizoea. Alichoshindwa kukizoea ni ule upweke wa kulala kila siku bila kujua kama ataamka. Kliniki ilipompa kile kidude cha mkononi kupitia mradi wao, akaambiwa kwamba namba zake zinaweza kuonekana pia kwenye simu ya mtu mwingine anayempenda, na zikishuka simu ya mtu huyo nayo italia. Akalia mbele ya nesi. Mtu wa kumpa kazi hiyo hakuwa na haja ya kumtafuta, kwani Isihaka ndiyo kwanza alikuwa ameleta posa.

Na Isihaka alivyolipokea jambo hilo! Alisema ametenga simu nzima kwa ajili yake. "Hii ni ya sukari tu. Usipige, maiki yake imekufa. Niandikie. Mambo yetu ya mapenzi tuyaongee kwenye hii nyingine." Mashoga zake Kidawa wakamwonea wivu. Wengine waume zao hata bili ya umeme hawaiulizi, yeye mwenzao ana mwanaume anayeijua damu yake.

Ujumbe wa simu ile ndio uliomfanya Kidawa apende kuishi. Alipoandika, "Mume wangu, naogopa kukatwa mguu," alijibiwa, "Mguu upo, tuupake mafuta. Leo umetembea?" Alipoandika, "Nisipozaa utanichoka?" alijibiwa, "Mtoto hutoa Mungu. Mbona mimi sina mtoto na nipo?" Kidawa aliyasoma maneno yale mpaka akayajua kwa moyo. Alijiambia mwanaume huyu amefunzwa na msiba.

Maana Isihaka alikuwa mgane. Ndivyo alivyosema mbele ya shangazi, akafuta na machozi: mkewe Mwanamkuu alifariki kwa sukari hii hii kwao Maneromango, usiku, bila mtu wa kumwamsha. Shangazi Saida, aliyeapa kwamba mtoto wa marehemu kaka yake haendi kwenye ukewenza akapandishwe sukari kwa hasira, akaridhika. Baba mdogo Rajabu akatumwa Kisarawe, huko huko Maneromango, kwenda kuchunguza ukoo. Akarudi na mafenesi mawili na sifa tele, wala hakueleza alifika kwa nani. Watu wakala mafenesi, uchunguzi ukaishia hapo.

Na Kidawa, roho yake ilivyo, kila Alhamisi jioni alikuwa akimsomea Yasini yule marehemu.

Isihaka alipomaliza kula alijifuta mdomo kwa kiganja, akakipangusa kiganja kwenye suruali, akaaga. Pikipiki yake haijavuka hata barabara, Kidawa alishaipiga ile namba aliyokatazwa kuipiga.

"Haloo?"

Sauti ya mwanamke. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia na mtu anakuna nazi.

"Nani mwenzangu?" aliuliza Kidawa.

"Ee, jamani! Kidawa! Leo umenifuma!" Mwanamke akacheka kwa haya. "Nisamehe, wifi yangu. Unadhani unaandikiana na kaka'ko, kumbe ni mimi. Alinikataza nisijitaje. Alisema unaona haya watu wakijua ugonjwa wako."

"Kaka yangu nani?"

"Si Isihaka! Wewe si mtoto wa shangazi yake? Na huo utani wenu wa kibinamu, kila saa 'mume wangu, mume wangu', nacheka peke yangu jikoni kama mwehu."

Kidawa akashika fremu ya mlango.

"Na wewe ni nani wake?"

"Mkewe, jamani. Mwanamkuu."

Kidawa akakaa chini palepale mlangoni. Alhamisi iliyopita tu alikuwa amemwombea mwanamke huyu kaburi lake lipanuliwe.

"Kidawa? Mbona kimya? Naona hapa namba inapanda vizuri. Ulikula nini?"

"Tende."

"Hapo sawa. Usinishtue tena hivyo, nimeandika huku vidole vimejaa machicha."

"Wifi," alisema Kidawa, "kesho nakuja kwako."

"Kwangu? Karibu! Isihaka yuko kazini Kwala mpaka mwisho wa juma, tutakuwa wenyewe. Nichinje kuku?"

Kidawa alikata simu, akaenda uani, akatapika tende zote.

Kesho yake alipanda gari la Mzenga, akaunga mpaka Maneromango. Mwanamkuu alikuwa akimsubiri njiani kwa vigelegele, mwanamke mnene wa wastani, ana mwanya, mikono imekakamaa kwa jembe. Alimkumbatia Kidawa, kisha akamgeuza upande apate kukiona kile kidude nyuma ya mkono.

"Kumbe ndiko kenyewe haka! Kadogo hivi! Na kelele zake zote zile!"

Ndani kulikuwa na chai ya mchaichai isiyo na sukari. Pembeni kikombe cha sukari kimefunikwa na kisahani. "Hiki cha dharura," alisema Mwanamkuu. Simu ya sukari ilikuwa inaning'inia kwenye msumari jikoni, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni isiingie moshi.

"Inakaa hapo?" aliuliza Kidawa.

"Nikiwa napika. Shambani naifunga kwenye pindo la khanga. Usiku naiweka chini ya mto."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Alilala nayo usiku mmoja tu, ikalia, akainuka anatukana. Akaniambia, 'Mwanamkuu, kelele hizi zitaniua, shika wewe.' Na mimi sina mtoto wa kuniamsha, nikasema acha niamshwe na wewe."

Kidawa akautazama ule mfuko wa nailoni. Akaona kila ujumbe alioubusu kabla ya kulala, kila "nipo, usiogope". Kumbe Isihaka alikuwa kando ya mwanamke huyu anakoroma, mgongo ameugeuzia simu.

"Halafu subiri!" Mwanamkuu akainuka, akarudi na doti ya khanga mpya. "Uliniandikia wasiwasi wa ndoa unakupandisha sukari. Nikamuuliza kaka'ko, akasema unaolewa na mtu wa Bagamoyo, na sisi hatukualikwa. Nikasema hata kama. Wifi yangu haolewi bila khanga yangu. Huyo bwana harusi jina lake nani?"

Njia nzima Kidawa alikuwa amejipangia maneno ya kuzunguka. Yote yakamkimbia.

"Isihaka."

"Naye anaitwa Isihaka?"

"Ni huyo huyo. Mumeo. Mimi siyo mtoto wa shangazi yake, sina undugu naye wowote. Anakuja kunioa Ijumaa."

Mwanamkuu akaangua kicheko. "Wewe na utani wako!"

Kidawa hakucheka. Akafungua picha za posa kwenye simu yake, akampa. Mwanamkuu akaishika kwa mikono miwili. Kicheko kikamwisha kidogo kidogo mpaka ukabaki mwanya peke yake.

"Kanzu hii nimeipiga pasi mimi," alisema taratibu. "Aliniambia anakwenda mazikoni."

"Labda hakudanganya sana. Kwetu alisema umekufa."

"Nani kafa?"

"Wewe. Kwa sukari. Alilia mbele ya shangazi yangu."

Mwanamkuu akatoka nje. Kidawa akamsikia anatema mate, anatema tena, kisha anachota maji na kunawa, anasugua mikono kwa jivu kama mtu aliyeshika mzoga. Aliporudi, maji yalikuwa bado yanamchuruzika.

"Juzi nimemsugua mgongo," alisema. "Kwa mikono hii. Najisikia uchafu mpaka kwenye mifupa."

"Na mimi jana nimemtazama akila kwetu. Sijameza kitu tangu hapo."

"Hujameza?" Mwanamkuu akageuka upesi kutazama msumari. "Kidawa! Tano hiyo, na mshale unaangalia chini! Kunywa uji kwanza. Kulia tutalia baadaye."

Kidawa akanywa uji. Machozi yakamdondokea ndani ya kikombe.

"Mwanamkuu, nisamehe. Nilikuwa nakusomea Yasini kila Alhamisi."

Mwanamkuu akamfuta machozi kwa pindo la khanga.

"Kumbe ndiyo maana Alhamisi nalala vizuri."

Hapo wote wawili wakacheka, cheko baya lisilo na furaha, wakashikana, wakalia mpaka kuku wakaingia ndani.

Shangazi Saida aliposikia habari alivua kilemba, akakitupa. "Tuvunje kimyakimya, mwanangu. Tutaficha wapi uso?"

"Uso nifiche mimi, shangazi? Mimi nimemuua mke wa mtu? Aibu ni yake. Mwache avae kanzu aje kuichukua mbele ya watu."

"Na sukari yako?"

"Sukari yangu ina mwenyewe anayeiangalia."

Ijumaa ikafika. Baada ya sala, Isihaka aliingia kwa shangazi Saida na kundi lake, kanzu nyeupe, koti, ananukia udi mpaka mbuzi wa jirani akapiga chafya. Wanaume wakajaa sebuleni. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na mmoja wao alivaa khanga mpya na kujifunika uso kama wifi mwenye haya.

Shekhe Hashiru akakohoa. "Mzee Rajabu, tumuulize binti kama ameridhia."

Baba mdogo Rajabu hakujua lolote. Akasogea kwenye pazia. "Kidawa mwanangu, umeridhia kuozeshwa kwa Isihaka?"

"Baba, kabla sijajibu nina swali kwa bwana harusi," sauti ya Kidawa ilisikika wazi. "Ana mke?"

Minong'ono ikaanza. Isihaka akatabasamu kwa upole, kama mtu anayebembeleza mtoto mbele ya wageni.

"Kidawa, hili tulishalimaliza. Shekhe, mimi ni mgane. Mke wangu Mwanamkuu alitangulia mbele ya haki kwa maradhi ya sukari. Mungu amrehemu."

"Amin," waliitikia wanaume.

Kabla amin haijatulia, simu ya Kidawa ikalia mle ndani. Tangu asubuhi alikuwa ameshindwa kumeza chochote kwa kinyaa. Mara simu nyingine nayo ikalia, mlio ule ule, chumba kile kile. Isihaka aliujua mlio ule. Tabasamu likamdondoka.

"Kidawa, kula kwanza," sauti ya mwanamke ilisema nyuma ya pazia. "Maneno baadaye. Shika tende."

Kisha pazia likafunguka. Mwanamkuu akatoka, khanga begani, simu mkononi bado inalia ndani ya nailoni yake.

"Asalaam aleikum, shekhe. Shikamooni wazee. Mimi ndiye yule marehemu."

Mzee mmoja akasogeza miguu yake kwenye mkeka, asije akaguswa.

"Msiniogope, sijafufuka. Nimekuja na gari la Mzenga." Akamgeukia mumewe. "Isihaka, amin hizo umezisikia? Nimeombewa vizuri?"

"Mwanamkuu, twende nje tukaongee."

"Nje wapi? Kaburini?"

"Shekhe," Isihaka alisema huku jasho likishindana na udi, "dini inaniruhusu wanne."

"Dini imekuruhusu kuoa wanne," alijibu Mwanamkuu. "Haikukuruhusu kuniua mimi ili umpate wa pili."

"Ningemwambia vipi? Shangazi yake hataki ukewenza! Na huyu Kidawa nilimpenda kweli, nilimtengea mpaka simu..."

"Simu!" Kidawa naye alikuwa ameshatoka, shela ameiacha ndani, kokwa ya tende bado iko mdomoni. Akaitema kwenye kiganja. "Hiyo simu uliyotenga imening'inia kwenye msumari jikoni kwa mkeo. Usiku nikishuka, nani alikuwa anaamka?"

"Kidawa, na wewe kuwa na ubinadamu. Kile kitu kinapiga makelele kama nini! Mtu natoka kazini nimechoka, nataka kulala..."

Akasita mwenyewe. Lakini neno lilishatoka, na kila mtu sebuleni alilisikia.

"Yale makelele ni mimi, Isihaka," alisema Kidawa. "Ni mimi niliyekuwa nakufa. Ukageuka upande wa pili, ukavuta shuka." Akamwangalia kuanzia kofia mpaka soksi. "Sikuchukii. Nakuona kinyaa. Ukinisogelea nitatapika hapa mbele ya shekhe."

Baba mdogo Rajabu akainamisha kichwa. "Mafenesi yale," alinong'ona, "nilipewa na yeye mwenyewe stendi. Sikufika kwao."

"Tulijua, Rajabu," alisema shangazi Saida. "Yalikuwa na bei ya stendi imeandikwa kwa mkaa."

Shekhe Hashiru akafunga kitabu chake. "Bwana, nilikuja hapa kufunga ndoa. Naona naondoka na kesi ya talaka. Mama, unataka kusema nini?"

"Nataka kuachwa, shekhe. Na mimi nimechoka, nataka kulala." Mwanamkuu akaichomoa simu kwenye nailoni, akaiweka kwenye mapaja ya Isihaka, juu ya ile kanzu. "Chukua simu yako. Leo kanzu sikuipiga pasi, naona imekunjamana."

Isihaka alitoka akiwa peke yake. Hata wale washenga wake walibaki, maana harufu ya pilau ilikuwa imeshafika sebuleni, na shangazi Saida alitangaza kwamba chakula hakina kosa.

Watu walipoisha, Kidawa alikaa uani, akafungua simu yake na kulifuta jina la Isihaka kwenye wale wanaoziona namba zake. Kioo kikamwandikia kwamba sasa hafuatiliwi na mtu yeyote. Maneno hayo yakamchoma kuliko ndoa iliyovunjika. Ndoa hutokea nyingine. Lakini nani ataamka simu ikilia?

Mwanamkuu alikuwa anasuuza masufuria karibu yake. Kesho yake angekwenda kwa mama yake Magindu, na doti ya khanga alikuwa ameiacha juu ya kitanda cha Kidawa.

"Umemtoa?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimemtoa."

"Na mimi umenitoa?"

"Simu ilikuwa yake, Mwanamkuu. Umemrudishia."

"Nina yangu. Ndogo, kioo kimepasuka, lakini inalia." Akafuta mikono, akaitoa kifuani, akampa. "Au unataka nikajifunze kulala peke yangu ukubwani?"

Kidawa akaipokea. Akaliandika jina la Mwanamkuu pale lilipokuwa la Isihaka.

Wiki zikapita. Isihaka alihamia kupanga chumba hukohuko Kwala, na habari zilifika mpaka kwenye makontena ya kazini kwake: wenzake wakimwona wanatoa pole ya msiba. Talaka ilitoka. Mwanamkuu alilima mihogo Magindu, Kidawa akaendelea na cherehani yake Mlandizi. Siku moja mchana, akiwa amezama kwenye gauni la mteja na kusahau kula, mkono ukaanza kumtetemeka. Kabla hajaitazama namba, ujumbe ukaingia.

"Kidawa, 3.7 hiyo. Kula kwanza. Maneno baadaye. Tende ziko wapi?"

Kidawa akaachia cherehani, akacheka peke yake mpaka mteja akamshangaa. Akatia tende mdomoni, akaandika:

"Nakula, marehemu."